Mpishi na Mti Wake wa Hombo

Alikuwa hapendi kuitwa mpishi, na sisi sote tulimwita Mpishi. Alisema mpishi ni yule anayepika pilau ya harusi kwenye masufuria ya kuazima, akapewa sahani yake akaenda zake. Yeye alikuwa ameshika jiko la mkubwa wa Kifaransa kwa zaidi ya nusu ya umri wake, ana kofia yake, ana visu vyake vilivyoviringishwa kwenye kipande cha turubai, na hajapata kuazima sufuria kwa mtu. Haya. Mimi nilikuwa mwenye nyumba wake, maana alipanga chumba cha uani kwangu Moroni, na nilimwita Baba Mpishi mbele yake na Mpishi tu akigeuka. Hadi leo nikimkumbuka ndilo jina linalonijia.

Nieleze kwanza tulivyokuwa tukisemezana, kwa sababu mapenzi yetu yalianzia kwenye ulimi. Mimi ni Mngazija wa damu lakini nimezaliwa na kulelewa Unguja. Mambo ya Unguja yalipoharibika nikaletwa Moroni, mamamkubwa akanipa nyumba, nikaolewa humo, na Kingazija nilikuwa nakijua cha kuombea maji tu. Nikifungua mdomo sokoni, wanawake wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mpishi naye alikuwa mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, na lugha ya kwao si ya Moroni; walimcheka vilevile. Lakini ujanani aliwahi kufanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya Unguja, na Kiswahili alikishika, cha zamani, chenye maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia kwa bibi yangu peke yake. Basi jioni tulikaa kwenye ukingo wa birika la maji ya mvua, wageni wawili, tukasema tunavyotaka. Mume wangu, ambaye alikuwa karani serikalini, alisema tumefungua ubalozi uani kwake. Uani kwangu, nikamsahihisha.

Mpishi alikuwa mtu wa kukera, tusimpake mafuta kwa sababu ya umri wake. Ukipika, atakuja. Hukumwita, hukumtazama, atakuja na kijiko chake mfukoni, ataonja, atatazama juu, kisha atasema neno moja: "Chumvi." Hujui kama imezidi au imepungua. Hakusifu chakula cha mtu hata siku moja. Na yeye mwenyewe, huyo mkubwa wa jiko, alikula muhogo mkavu na chai ya rangi, asubuhi na jioni, na ukimwuliza anasema ulimi wa kazi haulishwi. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akapiga pasi koti lake jeupe, akatoka. Ukikutana naye njiani ungedhani anakwenda kupokea wageni wa serikali, kumbe anakwenda kuchagua nazi.

Uani kwangu alikuwa na shamba lake. Nasema shamba kwa heshima. Yalikuwa mapipa mawili ya mafuta yaliyopasuliwa kwa urefu, yamelazwa juu ya mawe. Moroni ukichimba unachimba jiwe jeusi lililotoka mlimani. Udongo ni kitu cha kwenda kutafuta. Mpishi aliubeba kwa kikapu kutoka juu kwenye mashamba, akauchanganya na jivu la jikoni na samadi ya mbuzi, akaupepeta kwa vidole kama mtu anayechagua mchele. Humo akapanda tupinambu.

Wengi hamuijui tupinambu, nami sikuijua. Juu inafanana na alizeti iliyokonda: shina la manyoya, jani la kukwaruza, ua dogo la manjano. Chini inazaa viazi vyenye manundu kama tangawizi. Haipandwi kwa mbegu. Unachukua kipande cha kiazi chenyewe chenye jicho, unakifukia kina cha kiganja, jicho likiangalia juu, halafu unangoja mvua za kaskazi. Ladha yake iko kati ya kiazi na moyo wa mnazi. Mpishi alizipika kwa maziwa na kungumanga. Mimi nilizipika kwa tui, akasusa, akasema nimeua kitu cha watu. Jioni nikamkuta amekumbatia sufuria anakwangua.

Ila zina shari moja, nayo hakunieleza. Mwaka wangu wa kwanza nilimpikia mume wangu sahani nzima ya futari, Ramadhani, nikajiona mke wa mfano. Akala, akasifu, akaenda tarawehe. Zikamjaza tumbo upepo. Maskini alitoka kwenye safu kwenda kutia udhu, akarudi, akatoka tena, akarudi, mpaka mzee aliyekuwa kando yake akamwambia kwa upole kwamba hata nyumbani sala inapokelewa. Alirudi hanitazami usoni. Mpishi alipoulizwa alisema kila mtu anajua tupinambu haziliwi kabla ya sala ya jamaa. Kila mtu yupi, nikamwuliza, na tuzijuao tuko wawili? Akasema, "Sasa tuko watatu."

Pale Moroni hazikumpendeza. Zilifika kifuani zikaanza kutoa maua kabla ya wakati, na ukivuna unapata viazi vya ukubwa wa dole gumba. Na zile ulizoacha chini, mvua za mwaka wa pili zikija, unafukua uji mweusi unaonuka. Hazikurudi hata mara moja. Kwa hiyo kila mwaka, katikati ya kusi, Mpishi alipanda boti kwenda Mutsamudu kuvuna kwenye shina lake la huko, na kurudi na mbegu zilizofungwa kwenye majani ya mgomba. Nilimwuliza: mbona za Mutsamudu unasema zinaota zenyewe, na hizi zinaoza? Akanitazama kwa huruma. "Udongo wa kwetu ni udongo, mwanangu," akasema. "Huu wenu ni makaa."

Sasa nije kwenye kesi yake, maana bila kesi humjui Mpishi. Aliisimulia kila mwaka, akaitia chumvi kila mwaka, lakini kiini chake kilikuwa kilekile.

Alioa angali kijana, Hombo, mtaa wa Mutsamudu, wakati ofisi ya Mfaransa wake ilikuwa bado huko. Kwa visiwa vyetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na nguo zake, na wakiachana hutoka na nguo zake. Mkewe akashika mimba, akawa hataki chakula: wali unanuka, samaki ananuka, mume mwenyewe ananuka. Mfaransa alikuwa akiletewa tupinambu kwa meli kutoka milima ya Madagaska, kule kwenye baridi. Mpishi akachukua chache. Mimi sisemi aliiba, yeye alisema alionja. Akampelekea mkewe, akala, akataka tena. Mpishi alipoona hivyo akachimba nyuma ya jiko la mkewe, kwenye kivuli karibu na mfereji, akapanda vipande. Vikaota. Binti akazaliwa, mimba ikawa imekwisha, na yule bibi akaendelea kuzipenda.

Kisha ofisi ikahamia Moroni, na Mfaransa akamtaka mpishi wake. Mke akasema yeye hatoki kwenye nyumba aliyopewa na mama yake kwenda kupanga chumba kwa watu. Mpishi akasema mke humfuata mume. Mke akasema, labda kwa Wafaransa. Hapo Mpishi akatoa talaka, moja, ya hasira, akapanda boti. Talaka moja si mwisho wa dunia. Ndani ya eda mume anamrejea mkewe kwa neno tu. Mpishi akakaa Moroni akingoja aitwe. Yule bibi akakaa Hombo, na nadhani alikuwa akingoja aje. Eda ikapita hivyo. Nilimwuliza kwa nini hakwenda kumwomba. Akaniambia mwanamume hapigi magoti kwenye nyumba ya watu, akanyanyuka akaenda kumwagilia mapipa yaliyokwisha mwagiliwa.

Aliporudi Hombo kumwona mtoto, mashemeji walimsimamisha mlangoni. Mtoto ataletwa nje, wakasema, lakini humo ndani huna chako. Ndipo ilipomjia akili ile. Kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Ukipanda mnazi uani kwa mkeo na mkaachana, mnazi unabaki wako, na una haki ya kuingia kuangua nazi zako. Mpishi akaenda kwa wazee wa mtaa, akawakuta nje ya msikiti, akasema: nina mti wangu mle ndani, nazuiwa kuuvuna.

Mti gani? Kikaletwa kiazi kimoja, wazee wakakigeuzageuza, wakakinusa. Mmoja akasema hiki ni kiazi, na kiazi ni cha mwenye ardhi. Mpishi akasimama. Kiazi, akasema, hupandwa kila mwaka. Huu haupandwi. Uung'oe, uukate, utarudi wenyewe. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kwa Mfaransa wake, tena kuhusu Ulaya. Yeye mwenyewe alikuwa hajayaona kwa macho. Wazee wakaamua kama wanavyoamua watu wasiotaka ugomvi kabla ya magharibi. Zivunwe zote mbele yetu, wakasema, ardhi isiguswe, tungoje mvua. Ukiota wenyewe ni mti, na utaingia kila mwaka kuuvuna, hakuna wa kukuzuia. Usipoota ni kiazi, na usionekane tena pale.

Mpishi alisema mwaka ule hakulala vizuri. Mvua zikaja, wazee wakaingia uani kwa pamoja, na tupinambu zilikuwa zimesimama safu nzima, mbichi, ndefu kufika kiunoni. Akashinda. Hapa kila mara alikuwa akipiga goti lake kwa kiganja na kusema, "Mti haudanganyi."

Tangu hapo kila mwaka alikwenda. Hakubisha hodi, alipita ubavuni mwa nyumba, haki yake. Yule bibi hakutoka jikoni; si mumewe tena, ana haya. Mpishi alichuchumaa na kijembe chake, na maneno yakapita dirishani. Yule bibi husema: "Mwaka huu zimezaa kidogo." Mpishi hujibu: "Mvua ilichelewa." Yeye huuliza: "Utachukua zote?" Mpishi hujibu: "Nusu." Baadaye binti huleta chai ya mchaichai, na Mpishi huinywa amesimama. Nikamwuliza: umevuka bahari, umetapika ndani ya boti, kwa maneno hayo? Akanijibu, "Na chai, mwanangu. Umesahau chai."

Nilicheka siku ile. Lakini nilipoingia ndani kicheko kiliniisha, kwa sababu mimi Unguja sikuwa na hata mti wa kudai. Angalau yeye alikuwa na mahali palipomruhusu kurudi. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Uhuru ulipokuja Wafaransa waliondoka haraka, na Mfaransa wake naye akaondoka, akamwachia salamu. Mpishi akaweka karai mlangoni kwangu akaanza kukaanga muhogo. Amevaa koti jeupe na kofia. Ole wako uuite muhogo wa kukaanga. Aliuita friti, na wanunuzi wakajifunza kuuita friti, la sivyo hakuwasikia.

Tena mapinduzi yalipofuata aliyafurahia, na hilo wengi hawakulitegemea kwa mtu aliyelishwa na Wafaransa. Alikuwa na donda lake. Moroni mtu hahesabiwi mtu mzima mpaka afanye ndoa kubwa, zile harusi za ng'ombe na dhahabu ambazo mtu anazichangia maisha yake yote. Asiyefanya, hata ndevu zikiwa nyeupe pe, ni mtoto wa mji: anakaa nyuma, hasemi mbele ya wakubwa. Mpishi alikuwa hajafanya kwao wala kwetu. Aliwapikia wakubwa karamu zao, kisha akakalishwa kula na vijana wenye ndevu za kwanza. Basi Rais mpya na vijana wake wa kamati walipopiga marufuku ndoa kubwa, na vyeo vyake, na mabaraza ya wazee ya kuamua mambo ya watu, Mpishi alikuwa mstari wa mbele uwanjani. Alipiga makofi mpaka koti likamtoka bega moja.

Tulikuwa tunarudi nyumbani, mimi, yeye na mume wangu, akaanza kupunguza mwendo.

"Wazee wa Mutsamudu nao?" akauliza.

"Nchi ni moja, Mzee," mume wangu akasema.

"Na yale waliyokwisha kuamua? Ya zamani?"

Mume wangu siku zile alikuwa ameachishwa kazi pamoja na makarani wenzake wote, mafaili aliyoyapanga miaka mingi yamechomwa moto, na hakuwa na subira ya mtu. "Yote, Mzee. Kila kitu kinaanza upya."

Mpishi akatembea nyuma yetu mpaka nyumbani. Kesho yake alipiga pasi koti akaenda kwenye kamati. Alihojiwa na kijana mmoja mwenye adabu, alimpa hata kiti. Kijana akasema ardhi ni ya anayeilima. Mpishi akasema anayelima ni yule bibi. Basi ni yake, kijana akasema. Na mti? Mti gani? Mpishi akaeleza yote, toka mimba mpaka msikitini. Kijana alicheka, si kwa ubaya, akasema, "Mzee, hiyo ni mboga." Uamuzi uliowachukua wazee mwaka mzima, mapinduzi yakaufuta kabla Mpishi hajakaa vizuri kwenye kiti.

Kusi ilipoingia hakusafiri. Boti zilikuwa chache, na kusafiri kulitaka ruhusa, lakini tusidanganyane, ruhusa angepata. Nilimwona anakaa birikani, kikapu cha safari kiko mlangoni, hakiguswi.

"Nenda," nikamwambia.

"Nitaingia kama nani?"

"Kama baba wa mtoto."

"Mtoto ameolewa. Anaweza kuja kunisalimu yeye."

"Basi nenda kwa sababu unataka kwenda. Hujui kama umekonda?"

Akanikazia macho yake yale ya kuonja mchuzi. "Mtu haingii kwenye uwanja wa watu kwa kuwa ana hamu," akasema. "Ningekuwa hivyo ningeingia zamani."

Nilimkasirikia wiki nzima. Nilimwona ana bahati anaitupa. Ningekuwa mimi, nikaambiwa kuna boti ya Unguja na kuna mtu dirishani ananiuliza mvua, ningekwenda kwa kuogelea. Yeye akabaki na kiburi chake, na mapipa yake yasiyo na mbegu mpya. Alihifadhi viazi vichache vya mwisho ndani ya kopo la mchanga wenye unyevu, akawa anavifukua kuvitazama, vinakunjamana, anavifukia tena. Jioni alishuka bandarini kuuliza watu waliotoka Mutsamudu kama mvua imenyesha Hombo. Hilo tu, kama imenyesha. Hakuuliza habari za mtu. Watu walimjibu imenyesha, Mzee, akashukuru akapanda juu.

Akaacha kuonja mchuzi wangu. Mwanzoni nilifurahi. Kisha nikaanza kupika nikimtazama kwa pembeni, natia chumvi makusudi nimsikie akisema, naye amekaa kule anatazama mapipa matupu. Nilitamani anikere, niwaambie nini.

Mwaka wa pili serikali ikageuka tena, kwa bunduki. Rais akauawa, na wazee wakarudi kukaa uwanjani kama watu waliokuwa wamekwenda kusali tu. Mpishi hakungoja. Boti ya kwanza, koti limepigwa pasi, kopo la mchanga kwapani. Aliniaga kwa haraka. "Nikirudi nitakupikia," alisema, jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu asiyemlipa mshahara.

Hakurudi. Zilikuja salamu kwa mdomo wa baharia: chumba nimpe mwingine. Sikumpa. Nilikiacha wazi, nikawa naingia kufagia, na jioni nilikaa birikani peke yangu na Kiswahili changu. Mume wangu alikuwa mwema, alijaribu kusema nami, lakini chake kilikuwa cha redioni. Nilimkosa yule mzee kuliko nilivyowahi kumkosa mtu wa damu yangu.

Mume wangu aliporudishwa kazini akatumwa Mutsamudu kwa siku chache, nami nikamng'ang'ania anichukue. Mvua zilikuwa zimekwisha anza. Nilipanda teksi ya watu wengi mpaka Hombo, nikauliza nyumba ya mama aliyekuwa na mti wa Kizungu nyuma ya jiko, na mtoto mmoja akanionyesha bila hata kufikiri.

Binti yake alinipokea, mwanamke wa makamo, sura ya Mpishi tupu. Akanikalisha jikoni, na dirisha lile lilikuwa pale, dogo, la mbao. Nikachungulia. Mpishi alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na mfereji, kofia kichwani. Ardhi mbele yake ilikuwa tupu.

"Mama yako yuko wapi?" nikauliza.

"Hatunaye. Tangu mwaka jana, kabla ya mvua. Nilimtuma mtu amwambie Baba, habari haikufika."

Nikasema innalillahi, nikamshika mkono. Alikuwa anatwanga, akaendelea taratibu huku anasema. "Alikuja na kopo lake. Akapita ubavuni, hakubisha hodi, kama desturi yake. Nikamsikia amesimama. Akauliza, mti wangu uko wapi? Nikamwambia, Baba, Mama amefariki, nani angeupanda?"

"Si unaota wenyewe?"

Akaacha kutwanga. "Hapa? Hapa pana maji, vikibaki chini vinaoza vyote. Mama alikuwa akificha vichache ndani ya mchanga, chini ya mtungi, hapo ulipoweka mguu. Mvua za kwanza zikikaribia anavifukia alfajiri, kaka zake hawajaamka. Hata mwaka ule wa wazee. Toka nina akili namwona. Nilidhani Baba anajua, dada yangu. Nilidhani ni siri yao wawili."

Nikatoka uani. Mpishi aliniona, akasogea kwenye jiwe nipate pa kukaa, kama vile tulikuwa tumeachana jana. Alikuwa amezeeka. Koti lilikuwa safi lakini halikupigwa pasi. Kopo lilikuwa miguuni pake, limefungwa.

"Mbona hujapanda?" nikauliza. "Mvua hii hapa."

"Binti ameniruhusu."

"Basi?"

"Nikipanda mimi ni viazi tu, mwanangu."

Mfereji ulikuwa unapiga kelele, na ndani kinu kilikuwa kimeanza tena.

"Nilidhani nimewashinda wote," akasema. "Kila mwaka naingia hapa kifua mbele, nina haki yangu nimepewa na wazee. Kumbe nilikuwa nakaribishwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Ningejua, nisingekwenda kwa wazee. Ningesimama pale dirishani nikamwomba turudiane. Hata kwa magoti." Kisha akanigeukia. "Wewe ni mwanamke, na hujui kumficha mtu neno. Angekubali?"

Nilitaka kusema sijui. Nilitaka kusema mambo ya Mungu. Lakini alikuwa ananitazama, na mtu wa pekee aliyenielewa katika visiwa vile nisingeweza kumlisha uongo.

"Angekubali, Baba Mpishi. Angekubali mwaka wa kwanza."

Akavua kofia akaiweka gotini, akalia. Pale Hombo hakuna aliyemhesabu kuwa mfiwa, maana talaka ilikuwa ya miaka mingi na watu walikuwa wamewapa mikono ndugu na binti, yeye wakampa salamu tu. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikampa pole ya kufiwa na mke.